Jinsi ya kuwafanya madaktari watume rufaa kwa ujumbe salama wa kielektroniki

Barua ya rufaa ya karatasi husafiri mfukoni mwa mgonjwa. Inakunjwa mara nne, inalowa jasho, na ikifika mapokezi ya hospitali kubwa karani anaisoma kwa kuigeuzageuza kwenye mwanga. Daktari aliyeiandika hatajua kama ilifika. Atajua miezi mitatu baadaye, mgonjwa akirudi na bahasha ya dawa na neno moja: "Walisema niendelee na hizi."

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa kazi ya kuondoa barua hiyo na kuweka ujumbe salama mahali pake: mganga mkuu, muuguzi kiongozi, mtu wa TEHAMA au mratibu wa rufaa. Kuununua mfumo ni kazi ndogo. Kazi ni kuwapata madaktari wautumie mwezi wa saba tangu uanze, wakati semina imeshasahaulika na mtu wa kampuni ameacha kupokea simu.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuhangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Nimewasikia wakuu wengi wakisema madaktari wanaogopa kompyuta. Si kweli. Daktari huyohuyo anayedaiwa kuogopa kompyuta anatuma picha za eksirei kwa wenzake kwenye simu saa nne usiku. Anachokikataa ni kuandika jambo moja mara mbili, na kutuma kitu mahali ambapo hakuna anayejibu. Ukiyaondoa hayo mawili, hutahitaji kumbembeleza mtu.

Kwanza elewaneni "salama" ni nini

Kwenye kikao cha kwanza lazima atatokea mtu aseme, "Si tunatumia WhatsApp tayari?" Usimkaripie. Ana hoja: WhatsApp imesimba mazungumzo yake (imeyaficha kwa msimbo) kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, kwa hiyo anayedokoa njiani haoni kitu. Tatizo liko kwenye ncha mbili. Picha ya kidonda cha mgonjwa inabaki kwenye simu ya daktari, katikati ya picha za harusi, na pengine inanakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kujua. Haingii kwenye faili la mgonjwa. Simu ikiibiwa, imeibiwa na yote. Na daktari akihama kazi, historia ya mgonjwa inahama naye.

Barua pepe ya kawaida nayo ina udhaifu wake: herufi moja ikikosewa kwenye anwani, matokeo ya kipimo cha mtu yanafika kwa asiyehusika. Faksi, kwa wanaoikumbuka, iliishia kwenye trei ambayo kila mpita njia aliiona.

Kwa rufaa, ujumbe salama uwe na mambo manne. Umesimbwa njiani na mahali unapohifadhiwa. Aliyetuma na aliyepokea wanajulikana kwa hakika, kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe. Unaacha alama: nani aliufungua, lini. Na unaingia kwenye kumbukumbu za mgonjwa pande zote mbili. Hili la nne ndilo husahaulika, na ndilo daktari analolijali kuliko yote matatu ya juu.

Hatua ya 1: Ifuate barua moja kwa miguu

Kabla hujagusa kompyuta yoyote, chukua rufaa moja ya kweli na uifuate. Kaa na daktari anapoiandika. Nenda na mgonjwa hadi mapokezi ya upande wa pili, ukiwa umeomba ruhusa yake. Andika kila mkono unaoishika.

Utakachokiona kitakushangaza. Daktari bingwa ndiye jina lililo juu ya barua, lakini yeye ni mtu wa tano kuiona. Wa kwanza ni karani anayeamua kama mgonjwa aende kliniki ya leo au apangiwe. Wa pili ni muuguzi anayesoma neno "haraka" na kuamua kama ni haraka ya kweli. Nimewahi kukaa siku nzima nyuma ya meza ya karani mmoja wa rufaa. Alikuwa na daftari lake la mistari, amelichora safu kwa rula: jina, imetoka wapi, bingwa gani, tarehe, na safu ya mwisho isiyo na kichwa ambayo aliweka alama ya vema au nukta. Nikamuuliza nukta ni nini. "Hao hawakuja," akasema. Hakuna aliyewahi kumwomba orodha ya nukta. Zilikuwa nyingi kuliko vema.

Daftari la namna hiyo ndilo mfumo halisi wa rufaa. Mfumo wako mpya ukishindwa kufanya kile ambacho daftari linafanya, karani ataendelea na daftari, na ujumbe wako utachapishwa, upigwe muhuri, na kutiwa kwenye faili la karatasi kama zamani. Kwa hiyo ondoka hapo na majibu matatu: nani anaamua mgonjwa aonwe lini, nani anajua kwamba mgonjwa hakutokea, na nani anatakiwa kumjibu daktari aliyetuma. Swali la tatu mara nyingi halina mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua njia moja yenye msongamano

Usianze na hospitali nzima. Tafuta kituo kimoja kinachopeleka wagonjwa wengi kwenye kliniki moja, labda ya wajawazito wenye hatari, ya moyo, au ya macho. Anza na hizo mbili tu. Madaktari wa pande zote mbili wawe wachache kiasi cha kuenea kwenye chumba kimoja.

Wingi una maana yake. Daktari anayetuma rufaa moja kwa mwezi atakuwa amesahau nywila kila akirudi. Anayetuma nne kwa siku ataizoea njia ndani ya wiki.

Hatua ya 3: Anza na majibu, rufaa zifuate

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mpango wa kawaida ni huu: madaktari wa ngazi ya chini waanze kutuma kwa njia mpya, na upande wa juu uzoee kupokea. Matokeo yake, daktari wa chini anaongezewa kazi leo kwa ahadi ya faida siku moja. Mkono mtupu haulambwi. Geuza mpango. Kabla hujamwomba yeyote atume rufaa hata moja, hakikisha majibu yanamfikia kwa njia hiyo mpya: muhtasari wa kuruhusiwa wodini, maoni ya bingwa, majibu ya vipimo. Mgonjwa aliyekwenda na barua ya karatasi mwezi uliopita, majibu yake yaingie kwenye kikasha cha daktari aliyempeleka, bila yeye kuyaomba.

Mtazame siku ya kwanza akifungua. Ataita mwenzake. "Njoo uone, huyu mzee wa kifafa, wamempunguzia dawa, na wameandika sababu." Hajawahi kuambiwa sababu. Kuanzia hapo atakuuliza mwenyewe: "Na mimi natumaje?"

Denmark, nchi iliyotangulia sana katika jambo hili, ilipoanzisha MedCom, mradi wa kitaifa wa kutumiana jumbe za afya kwa kompyuta, mwaka 1994 haikuanza na rufaa peke yake. Miongoni mwa jumbe za mwanzo vilikuwemo vyeti vya dawa, majibu ya maabara na barua za kumruhusu mgonjwa hospitalini, ambazo madaktari wa familia walikuwa wakizisubiri kwa posta. Kikasha chenye kitu cha maana ndani yake hufunguliwa kila asubuhi. Kikasha kitupu hakifunguliwi, na rufaa itakayokuja kutua humo itakaa.

Kuna gharama yake: mabingwa ndio wanaotakiwa kubadilika kwanza, na hao ndio wagumu. Usiwaombe waandike zaidi. Mara nyingi wameshaandika maoni yao kwenye faili. Kinachotakiwa ni nakala iende kwa aliyetuma kwa kubofya mara moja, au, vizuri zaidi, iende yenyewe bingwa anapofunga hudhurio la mgonjwa. Kama hilo haliwezekani, mpe karani au muuguzi wa kliniki kazi ya kutuma maoni yaliyoandikwa, kwa akaunti yake mwenyewe na kwa kibali cha maandishi. Kamwe wasitumie akaunti ya bingwa. Hilo litaharibu uthibitisho wote wa nani alifanya nini.

Hatua ya 4: Punguza fomu mpaka iwe barua

Wakikaa kamati kutengeneza fomu ya rufaa, kila idara huongeza kisanduku chake. Wa takwimu wanataka kata na kijiji, wa bima wanataka namba mbili, wa kisukari wanataka mzingo wa kiuno. Fomu inafika visanduku hamsini, kumi na tisa vikiwa vya lazima, na daktari mwenye wagonjwa thelathini kwenye benchi anajaza "hakuna" kila mahali ili apite.

Kanuni yangu: kama anayepokea hataamua jambo lolote tofauti kwa sababu ya kisanduku hicho, kifutwe. Na kila kilichokwisha kuandikwa kwenye kumbukumbu (jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa, dawa, mzio) kijijaze chenyewe. Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi. 04/03 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine, na nimeona mgonjwa akitafutwa siku nzima kwa sababu hiyo.

Kinachobaki ni nafasi chache za maandishi huru, kwa mpangilio ambao anayepokea anausoma kwa sekunde ishirini. Wengi hufuata mpangilio wa SBAR, uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukaingia mahospitalini: hali ilivyo, historia, tathmini, ombi. Ni mpangilio mzuri kwa simu. Kwa rufaa ya maandishi mimi nalipandisha ombi juu kabisa, kwa sababu anayechambua kikasha anasoma mstari wa kwanza tu kabla ya kuamua. Hivi:

*Ombi: Naomba umwone ndani ya wiki mbili, uamue kama achukuliwe kinyama cha kupimwa.*
*Sababu: Mwanamke, miaka 47. Uvimbe titi la kushoto, juu upande wa nje, kama sm 2, mgumu, hausogei. Ameugundua wiki 6 zilizopita. Tezi moja inashikika kwapani.*
*Tahadhari: Anatumia warfarin, ana vali ya moyo ya bandia. INR ya mwisho 2.8, tarehe 3 Machi.*
*Mzio: Penisilini, alivimba uso.*
*Ameelezwa nini: Anajua tunachunguza kama ni saratani. Mumewe hajui, na ameomba iwe hivyo kwa sasa.*

Maneno sitini na ushee. Angalia mstari wa tahadhari (warfarin ni dawa ya kuzuia damu kuganda, INR ni kipimo cha kuganda huko): bila huo, mtu angeshika sindano kabla hajajua damu ya mgonjwa haigandi upesi. Na mstari wa mwisho hauko kwenye fomu nyingi, ila bingwa yeyote atakuambia thamani yake. Unamwokoa kutamka neno mbele ya mtu asiyestahili kulisikia.

Weka mfano wa namna hii, wenye mgonjwa wa kubuni, kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo yako. Unafundisha kuliko slaidi arobaini.

Hatua ya 5: Kitufe kikae pale daktari alipo

Daktari akilazimika kutoka kwenye programu ya wagonjwa, afungue nyingine, aingize nywila ya pili, atafute mgonjwa upya na anakili maandishi, umeshampoteza. Mwombe aliyekuuzia mfumo akuonyeshe, kwa macho yako, rufaa ikitumwa kutoka ndani ya programu ileile ya kumbukumbu. Usikubali neno "inawezekana". Sema, "Nionyeshe."

Waulizwe pia kuhusu viwango vya mawasiliano. HL7, shirika lililoanza mwaka 1987, ndilo lenye lugha ambazo programu nyingi za afya huongea: toleo la 2 la zamani, ambalo bado liko kila mahali, na FHIR iliyo mpya zaidi. Huhitaji kuzijua kwa undani. Unahitaji jibu la maandishi kwamba mfumo wako unatuma na kupokea kwa moja ya hizo, ili siku ukibadilisha kampuni usianze upya.

Na kama kituo hakina programu yoyote ya kumbukumbu? Basi ujumbe salama kupitia kivinjari unatosha kuanzia, mradi barua iweze kuhifadhiwa au kuchapishwa ikae kwenye faili. Si haba. Ila usiwadanganye kwamba kazi imepungua. Waambie ukweli kwamba faida yao kwa sasa ni majibu.

Hatua ya 6: Kikasha kiwe cha kliniki

Kituo kimoja nilichofanya nacho kazi kilifungua akaunti kwa kila bingwa na kuwaambia madaktari watume kwa jina. Ilikwenda vizuri mpaka bingwa mmoja akaenda likizo. Rufaa ya mtoto mwenye moyo wenye mlio usio wa kawaida ikakaa kwenye kikasha chake siku tisa. Mfumo ulikuwa umemwandikia aliyetuma "Imefika". Naye akatulia, kwa sababu neno lilisema imefika. Mama wa mtoto ndiye aliyetuokoa. Alikwenda mwenyewe mapokezi na kuuliza.

Tulijifunza mambo mawili kwa aibu.

La kwanza: rufaa itumwe kwenye kikasha cha kliniki, kinachosomwa na zaidi ya mtu mmoja, hata kama jina la bingwa limetajwa ndani. Kila siku ya kazi awepo mtu mmoja aliyeandikwa kwenye ratiba kwamba leo kikasha ni chake, na mwingine wa kumshikia akiumwa. Karani wa daftari ndiye mtu wa kwanza ningemfikiria. Atakijua kikasha kuliko sisi sote.

La pili: maneno ya hali ya ujumbe yaseme ukweli. Mashine ikipokea ujumbe wa HL7 toleo la 2 hurudisha herufi mbili: AA ikiwa umekubalika, AE ukiwa na kosa, AR ukikataliwa. Hiyo ni seva inaambiana na seva. Hakuna binadamu aliyeona kitu. Daktari anahitaji kuziona hatua za kibinadamu: imesomwa, imekubaliwa au imerudishwa na sababu, mgonjwa amepangiwa tarehe, mgonjwa amehudumiwa, mgonjwa hakutokea. Hiyo ya mwisho ndiyo ile nukta ya kwenye daftari, na sasa inamfikia daktari anayeweza kumpigia mgonjwa simu.

Mkubaliane pia, kwa maandishi, mgonjwa ni wa nani wakati ujumbe uko hewani. Utaratibu ulio salama ni kwamba anabaki mikononi mwa aliyemtuma mpaka upande wa pili ubofye "imekubaliwa". Isipokubaliwa ndani ya muda mliouweka, mfumo uwapigie kelele wote wawili. Bila kanuni hiyo, mgonjwa anachezewa danadana na kila upande una ushahidi kwamba si kosa lake.

Na dharura haipiti hapa. Mgonjwa anayevuja damu anapigiwa simu, kisha ujumbe unafuata kama maandishi. Liandike hilo kwa herufi kubwa juu ya fomu, kwa sababu siku moja mtu atatuma dharura kikashani saa kumi na moja jioni Ijumaa.

Hatua ya 7: Orodha ya anwani iwe na mwenyewe

Fupi, lakini bila hii yote yanaporomoka. Daktari akiandika "macho" aione kliniki ya macho, saa zake, wagonjwa inaowapokea na muda wa kusubiri. Akikuta majina ya watu waliohama mwaka jana, atarudi kwenye simu yake. Mpe mtu mmoja kazi ya kuipitia orodha kila mwezi, na jina lake lionekane chini ya orodha.

Hatua ya 8: Mtafute mwenye shaka anayeheshimika

Kosa nililolifanya mimi ni kumchagua daktari kijana anayependa mitambo awe mfano kwa wenzake. Aliuelewa mfumo siku moja. Wenzake wakasema, "Ah, yule naye na vitu vyake." Hakumvuta hata mmoja.

Mtu unayemtaka ni yule ambaye wengine humwuliza wakikwama na mgonjwa. Mara nyingi ana umri, hana haraka, na hakupendi sana wewe na mfumo wako. Nenda ofisini kwake bila kompyuta. Mwulize rufaa gani iliwahi kumwumiza. Kila daktari anayo moja. Msikilize mpaka mwisho, kisha muulize ingekuwaje angeambiwa siku ileile kwamba mgonjwa hakufika.

Pingamizi zake zichukue kwa uzito, maana nyingi ni za haki.

"Sina muda." Usimwambie itachukua dakika moja. Kaa naye, pima kwa saa rufaa tatu za karatasi na tatu za mfumo. Kama za mfumo ni ndefu, amekushinda. Rudi Hatua ya 4 ukafute visanduku.

"Nikituma kwa maandishi nitashitakiwa nalo." Barua ya karatasi nayo ni maandishi, ila yenyewe hupotea kirahisi. Mweleze kwamba alama za nani alisoma lini humlinda aliyetuma mapema. Pia mwonyeshe sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayowahusu, au umlete mwanasheria wa taasisi dakika kumi. Usijibu maswali ya sheria kwa kubahatisha.

"Watanijazia kikasha." Hili la mabingwa, na ni kweli litatokea ukilegea. Dawa yake ni haki ya kurudisha rufaa isiyokamilika kwa kubofya na kuandika mstari mmoja, na ruhusa ya kujibu kwa ushauri bila kumwita mgonjwa. Bingwa akigundua kwamba wagonjwa kadhaa wa wiki anaweza kuwamaliza kwa maandishi ("Ongeza dozi, rudia kipimo baada ya wiki nne, akizidi nimwone"), huyo ameshakuwa wakili wako.

"Dokta, mimi nilikuwa naandika rufaa kabla hujazaliwa," mmoja alimwambia mwenzangu. Mwenzangu alijibu vizuri: "Ndiyo maana tumekuja kwako, Dokta. Tuambie fomu hii ina upungufu gani." Ilikuwa nao. Mstari ule wa "ameelezwa nini" ulitoka kwake.

Hatua ya 9: Fundisha mezani, na mgonjwa wa kweli

Semina ya siku nzima hotelini ni kutwanga maji kwenye kinu. Fundisha mezani pa daktari, dakika kumi na tano, rufaa ya mgonjwa aliyeko mbele yake, yeye akishika kipanya na wewe mikono mfukoni. Mfundishe mambo matatu: kutuma, kuona hali ya aliyotuma, kusoma majibu. Basi. Makarani na wauguzi wapewe muda zaidi ya madaktari. Wao ndio watakaoulizwa.

Wiki mbili za mwanzo kaa karibu kimwili. Tatizo la nywila likitatuliwa kwa dakika mbili halina jina. Likikaa hadi kesho linaitwa "ule mfumo haufanyi kazi". Kuingia kwa hatua mbili, nywila na namba ya pili kwenye simu au kadi, ni lazima kwa taarifa za wagonjwa, lakini kupange kusimsumbue mtu kila anaporudi kutoka chooni. Ukimbana mno, nywila itaandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa kwenye skrini. Sote tumeiona.

Hatua ya 10: Ifunge njia ya zamani kwa tarehe

Lila na fila havitangamani. Karatasi na ujumbe vikiruhusiwa pamoja bila mwisho, makarani watalazimika kutafuta kila mgonjwa mara mbili, na watachukia kile kipya. Pangeni kipindi kifupi cha kwenda pamoja, kisha tarehe ya kufunga, itangazwe na mkuu mwenyewe.

Uingereza inafundisha hapa. Huduma ya afya ya taifa ilikuwa na njia ya kielektroniki ya rufaa kwa miaka mingi huku karatasi zikiendelea. Kilichosukuma kilikuwa malipo: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2018, hospitali hazikulipwa kwa mgonjwa wa mara ya kwanza wa kliniki aliyetumwa na daktari wa familia nje ya njia hiyo. Miezi miwili baadaye serikali ikapiga marufuku kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019, na kutaka zilizokuwepo ziondolewe ifikapo tarehe 31 Machi 2020. Huna mamlaka hayo, najua. Lakini kliniki inayopokea inayo moja: kusema kwamba rufaa zisizo za dharura zitapangiwa tarehe zikija kwa ujumbe tu. Mgonjwa aliyefika na karatasi asirudishwe kamwe. Karani amwingize kwenye mfumo papo hapo, na aliyemtuma apigiwe simu kuambiwa. Akipigiwa mara tatu ataacha.

Weka akiba ya siku umeme au mtandao unapokatika: fomu za karatasi zenye visanduku vilevile, ndani ya droo inayojulikana, na mtu wa kuziingiza mambo yakirudi.

Hatua ya 11: Hesabu vitu vichache

Msihesabu akaunti zilizofunguliwa. Ni takwimu ya kujifurahisha. Hesabuni kila wiki: rufaa ngapi zimetumwa kwa ujumbe kati ya zote, ngapi zimekubaliwa ndani ya muda, ngapi zimepata majibu ya bingwa, wangapi hawakutokea. Bandika ukutani pande zote mbili. Namba ya majibu ikishuka, shughulikia upande wa mabingwa wiki hiyohiyo, kwa sababu wiki mbili baadaye ya rufaa itashuka pia.

Pitia na orodha ya nani alifungua faili la nani. Mkigundua mtu anachungulia mafaili ya jirani zake, achukuliwe hatua waziwazi. Madaktari wanaangalia kama ulinzi mliowaahidi ni wa kweli.

Hatua ya 12: Watu wanahama

Daktari mpya apate akaunti siku ya kwanza, sambamba na koti na ufunguo wa ofisi; akikaa wiki bila akaunti ataazima ya mwenzake, na tabia hiyo haitoki. Anayeondoka akaunti yake ifungwe siku ya mwisho, simu yake ifutwe programu, na rufaa zake ambazo hazijajibiwa zikabidhiwe kwa jina kwa atakayebaki. Karani asome orodha hiyo kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya wote wawili, na kila mgonjwa apate daktari wa kumshika kabla funguo hazijarudishwa.